Mshika Mbili na Haki ya Mezani



Mhariri aliomba makala juu ya uadilifu, na nadhani alitarajia tuandike juu ya mahakimu na wafalme. Mimi nina kisa kidogo tu cha mezani, cha vijana watano na soksi iliyojaa vifuniko vya chupa. Ila swali lililotoka humo limenisumbua kuliko mtihani wa takwimu: mtu akiwa na fani mbili ndani ya mchezo, je, ni haki kumpunguzia nguvu kwa sababu tu anazo mbili?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Watu wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika wa kubuni. Msimulizi anasema: mmefika kwenye daraja, limevunjika, ng'ambo kuna moto na watu wanapiga kelele, mnafanya nini? Kila mmoja anajibu kwa zamu yake, na jambo gumu linaamuliwa kwa bahati ya namba. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na waandishi wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mhusika ana fani. Mpiganaji ana upanga na ngozi ngumu. Mjuzi anarusha mazingaombwe, moto na ukungu na usingizi, lakini pigo moja linatosha kumlaza chini. Mponyaji anawainua walioanguka. Fani zimegawanywa hivyo kwa makusudi, ili mtu mmoja asiweze kuimaliza safari peke yake.

Najua swali ambalo limeshamjia msomaji: mazingaombwe, tena kwa Waislamu? Kabla ya kuanza tulimwendea ustadhi anayetusomesha Jumapili. Alituuliza maswali mengi kuliko majibu aliyotupa, na tukatoka na masharti tuliyojiwekea wenyewe. Hakuna pesa. Hakuna aya, dua wala jina lolote tukufu kutumiwa kama silaha ya mchezo. Mponyaji, ambaye katika vitabu vya Wamarekani ni kasisi, kwetu ni tabibu, na anatibu kwa majani na uzi wa kushonea. Neno "mchawi" halitamkwi, kwa sababu katika vijiji vyetu neno hilo linaweza kumhamisha mtu nyumbani kwake na si la kuchezea. Ndiyo maana tunasema "mjuzi". Dadu tuliziacha kabisa, kwa kuwa katika Sahihi Muslim kuna hadithi inayokemea mchezo wa nardi, na wanazuoni wengi wanaitia dadu katika hukumu hiyo. Badala yake tuna vifuniko 20 vya Fanta vilivyoandikwa 1 hadi 20 kwa wino, ndani ya soksi. Yuko mwenzetu anayesema kwamba soksi na dadu ni ndugu wa tumbo moja, na sina jibu la kumnyamazisha. Aliyeona afadhali akae mbali, amefanya vizuri. Wallahu aalam. Narudi kwenye swali langu.

Tulikuwa tunakutana Mahoko kila Jumamosi baada ya Isha, katika chumba alichopanga mmoja wetu nyuma ya soko. Sitataja majina, nitawaita kwa fani zao. Walikuwepo wapiganaji wawili, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kubishana nani atangulie mlangoni. Alikuwepo Tabibu. Huyu ni mtu wa maneno machache. Kwao palikuwa karibu na mto Sebeya, na mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, ile iliyoua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, iliondoka na nyumba yao. Familia ilitoka salama, alhamdulillah. Siku tuliyochagua fani, kila mtu aligombania upanga. Yeye alisema tu, "Mimi nitatibu." Hakueleza zaidi na hatukumuuliza.

Wa nne nitamwita Mwenye Mawili. Ni rafiki yangu wa karibu na ndiye mwenye akili nyepesi kutushinda sote. Kanuni za msingi za mchezo zinapatikana bure kwenye intaneti tangu mwaka 2014, na yeye alikuwa amezisoma zote kabla sisi hatujafika ukurasa wa kumi. Akaniambia, "Akhi, kwa nini nichague moja? Nataka niwe mjuzi na tabibu kwa pamoja." Nikasema sawa. Sikumtoza chochote. Tulikuwa wachache, nikaogopa nikikataa ataondoka. Nakiri pia kwamba mimi ndiye msimulizi, na msimulizi anayesema "sawa" hupendwa.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha ikafika usiku wa lile daraja. Wapiganaji wote wawili walikuwa chini, wanavuja damu. Mwenye Mawili alikuwa na namba kubwa, kwa hiyo zamu yake ilitangulia: akamwinua wa kwanza. Zamu ya adui ikapita. Tabibu akafungua mdomo, lakini aliyebaki chini alikuwa mbali naye, hawezi kumfikia. Mwenye Mawili akamfikia kwa mazingaombwe, akamwinua naye, na zamu iliyofuata akawasha moto ng'ambo na vita vikaisha. Wapiganaji walishangilia, hata mimi nilishangilia. Tabibu alisema, "Basi, mimi napita." Usiku ule alipita mara tatu. Jumamosi mbili baadaye hakuja. Nilimkuta kwenye kituo cha mabasi, nikamuuliza kama kuna aliyemuudhi. Akasema, "Hakuna ubaya, akhi. Ila pale sina kazi."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, na nikafanya lile ambalo watu wenye madaraka hufanya wakishikwa na aibu: nikaamua peke yangu, usiku, bila kumwambia mtu. Nguvu za kuponya za Mwenye Mawili nikazikata nusu. Aligundua katikati ya mchezo, mwenzake akiwa chini na dawa imeshindwa kumwinua. Alihesabu, akahesabu tena, akaniangalia. "Uliniahidi siku ya kwanza," alisema. "Ningejua, nisingechagua hivi." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemkosea Tabibu kwa kuahidi, na sasa nimemkosea huyu kwa kuvunja.

Wahenga wetu wana neno lililo tayari: mshika mbili moja humponyoka. Lakini tuliangalie vizuri. Methali hii inasema kile kinachotokea kwa mikono. Haisemi kile ambacho hakimu anapaswa kufanya. Muulize mfugaji yeyote wa hapa mwenye kuku chotara, Sasso au Kuroiler. Kuku huyu anampa nyama na mayai pia. Hatagi kama kuku wa mayai halisi, wala hanenepi haraka kama kuku wa nyama, ila anajitafutia chakula uani na haogopi baridi yetu. Hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua kuku huyu alipe nini. Mwili wake una chakula kile kile cha kugawa, na gharama inajitoza yenyewe. Mezani hakuna mwili. Karatasi inakubali chochote utakachoiandikia, na mtu akitaka kuwa mjuzi mkubwa na tabibu mkubwa kwa pamoja, hakuna kitakachomponyoka mpaka binadamu mwenzake aandike kwamba kitamponyoka. Kwa hiyo bei ni yetu sisi, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Waliotutangulia katika mchezo huu wamekuwa wakiiandika bei hiyo na kuifuta kwa miaka hamsini. Katika kitabu cha mwaka 1981 alichokihariri Tom Moldvay, alikuwepo kiumbe wa kubuni aitwaye elfi, mpiganaji na mjuzi kwa wakati mmoja. Bei yake ilikuwa kungoja. Mpiganaji wa kawaida alihitaji pointi 2,000 za uzoefu kufika ngazi ya pili, mjuzi 2,500, na elfi 4,000. Ukiwa na mawili, lipa karibu jumla ya mawili. Ni bei ya sokoni kabisa, mama muuza karoti angeielewa.

Kitabu kingine cha nyumba ile ile, cha mwaka 1978, kilikuwa na njia nyingine: pointi zote unazopata zigawe sawa kwa fani zako mbili. Inaonekana kali, sivyo? Nusu kwa nusu. Nilikaa na kalamu nikahesabu. Mpiganaji mwenye pointi 40,000 anakuwa ngazi ya 6, na mjuzi mwenye pointi hizo hizo ni ngazi ya 5. Aliyegawa anabaki na 20,000 kila upande, na kwa 20,000 anakuwa mpiganaji wa ngazi ya 5 na mjuzi wa ngazi ya 4. Amelipa nusu ya mali yake na amepungukiwa ngazi moja moja tu! Sababu ni kwamba kila ngazi hugharimu karibu mara mbili ya iliyotangulia, kwa hiyo nusu ya pointi ni hatua moja nyuma, basi. Naamini waandishi waliliona, maana waliweka pia kikomo: wahusika wengi wenye fani mbili hawakuruhusiwa kupanda kupita ngazi fulani. Lakini kikomo hicho kilimpata mtu mwisho wa safari, na safari nyingi hazifiki mwisho. Huo ni sawa na mkopo ambao marejesho yake yanaanza baada ya mkopaji kuhama mji.

Kisha mwaka 2000 wakageuza kila kitu, na bei ikawa nzito kupita kiasi. Kila ulipopanda ngazi ulichagua fani moja ya kuipandisha, kwa hiyo mtu wa ngazi 20 aliyegawa alikuwa mjuzi wa 10 na tabibu wa 10, katikati ya wenzake wa 20. Mazingaombwe yamepangwa kwa matabaka 9. Mjuzi wa ngazi 20 ameyafikia yote, na wa ngazi ya 10 ameishia la 5. Kumi mara mbili haikuwa ishirini. Mwaka 2003 wakajaribu kumhurumia kwa fani maalumu iliyopandisha pande zote mbili kwa hatua moja: vumilia ngazi tatu za ujuzi na tatu za utabibu, halafu kuanzia ya saba utapanda zote kwa pamoja. Akifika ngazi ya 16 anakuwa sawa na mjuzi wa 13 na tabibu wa 13. Lakini ile ngazi ya saba yenyewe ni ya machozi, kwani mwenzake aliyebaki na fani moja anatumia mazingaombwe ya tabaka la 4, naye yuko la 2.

Nilizisoma kurasa hizi kama mtu anayetafuta dawa ya ugonjwa wa nyumbani kwake. Nilidhani mahali fulani nitaikuta namba sahihi, niwapelekee wenzangu na kuwaambia: tazameni, haki ni hii. Mwenye Mawili naye alikuwa na hoja yake, na ni nzuri, kwa hiyo niiandike kwa uaminifu. Alisema, "Mifuko ninayo miwili, lakini zamu ni moja. Nikiponya, sichomi. Nikichoma, siponyi. Kwa dakika yoyote utakayonitazama, mimi ni mtu wa fani moja kama ninyi." Kwa upande wa hesabu alinishinda. Kweli anayo zamu moja. Kilichozidi kwake ni kwamba zamu hiyo haikosi kazi hata siku moja, na mwenye fani moja hukosa.

Ndipo nilipogundua kwamba bei zote nilizozisoma, za 1978 na 1981 na 2000 na 2003, zinapima kitu kimoja, yaani nguvu. Zinamweka mwenye mawili kwenye mizani, na upande wa pili zinaweka mjuzi halisi au mpiganaji halisi, kuona kama anawazidi. Hakuna hata moja inayomuuliza Tabibu kama ana kazi. Hata yule wa mwaka 2003, anayelia pale ngazi ya saba, mnyonge kuliko wenzake kwa kila kipimo, bado anaweza kutibu majeraha madogo ya kila siku mpaka mwenzake akae akitazama ukuta.

Wazee wanaocheza igisoro hawana shida hii. Mbegu ni 64, kila mmoja anaanza na 32, na wakimaliza kuhesabu, uadilifu umekwisha. Kinachobaki ni akili na maneno ya kejeli. Usawa wa namba unafaa pale kwa sababu hao wawili wanashindana. Sisi mezani hatushindani. Tuko upande mmoja, na mmoja wetu akiwa na nguvu zaidi sote tunafaidika, au ndivyo inavyoonekana. Sasa malalamiko yanatoka wapi?

Mwenye Mawili aliliweka swali hilo kwa ukali zaidi. "Katika dini yetu," alisema, "kuna faradhi kifaya. Maiti akioshwa na kusaliwa na baadhi yetu, wengine hawadaiwi. Hakuna anayelalamika kwamba fulani ameosha maiti wengi kuliko yeye. Daktari akiwa pia dereva hodari, utamkataza kuendesha gari la wagonjwa ili dereva asijisikie vibaya?"

Sikuwa na jibu kwa wiki nzima. Nililipata nikiwa nachota maji, na nitalisema kama lilivyokuja. Kwenye gari la wagonjwa kuna mgonjwa. Kazi ile ipo kwa ajili yake. Hajali ni nani anaendesha wala nani anafunga bandeji, mradi afike. Aliye na ujuzi mara mbili ni rehema kwake, na dereva aliyeumia moyo anapaswa kumeza uchungu wake na kumshukuru Mungu. Mezani hakuna mgonjwa. Wale majeruhi darajani sikuwapata popote. Niliwabuni mimi, siku ya Ijumaa, ili Tabibu awe na wa kutibu. Katika maisha ujuzi unaifuata haja. Katika mchezo haja inatengenezwa ili ujuzi upate pa kukaa. Ukimtibia Tabibu wagonjwa wake wote hujamsaidia kazi. Umechukua kile kitu kimoja alichokuja kukifuata, tena umekichukua kwa jina la msaada, kiasi kwamba hata kulalamika anaona haya.

Hapa naomba nipite pembeni kidogo. Sina hakika kwamba kila kitu nje ya meza ni gari la wagonjwa. Nimekaa katika kamati za wanafunzi. Nimemwona ndugu mmoja mwenye bidii, Allah amlipe, ambaye ndiye katibu, ndiye anayebandika matangazo, ndiye anayenunua tende za futari, ndiye anayepika chai na ndiye anayeshika kipaza sauti. Kazi inaisha haraka na vizuri. Mwaka unaofuata ukumbi una watu tisa. Tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Huenda wengine walikuja, wakakuta majeruhi wote wameshatibiwa.

Narudi. Kujua ni nini kimeibwa hakutoshi; bado nilitakiwa kujua namna ya kukirudisha bila kumwibia Mwenye Mawili. Msaada ulitoka nisipoutazamia, katika darsa ya mirathi. (Kwenye mirathi sheria ya nchi ina utaratibu wake, mimi nazungumzia darsa tu.) Ustadhi alitoa mfano wa mwanamke aliyefariki bila mtoto, akaacha mama yake na mume wake, na mume huyo ni mtoto wa ami yake pia. Yaani mume ana sababu mbili za kurithi. Nilikaa wima. Huyu ni mwenye mawili!

Hesabu yake ni hii. Mali igawe mafungu sita. Mama anachukua theluthi, mafungu mawili. Mume kama mume anachukua nusu, mafungu matatu. Limebaki fungu moja, na hilo linakwenda kwa asaba, jamaa wa kiumeni, ambaye ni yeye yule mume kwa upande wake wa pili. Anaondoka na manne. Kuna mambo mawili hapa ambayo vitabu vya mchezo havikunipa. La kwanza, hakuna aliyemwadhibu kwa kuwa na mawili. Hakuna aliyesema kwamba, kwa vile ni mume na binamu, basi awe nusu mume na nusu binamu. La pili, upande wake wa pili umekula baki tu. Mama ametangulia, kachukua lake lote, halikupungua hata chembe, na ndipo binamu akaingia.

Nikiwa nimewasha moto huo kichwani, nikakumbuka pia mas'ala ya aul, ambayo wengi wetu tuliyakariri bila kuyafikiria. Mwanamke ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, na vikijumlishwa vinapita mali yenyewe. Tuseme ni faranga 4,200,000: mume anadai 2,100,000, dada wanadai 2,800,000, zimezidi 700,000. Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab ikaamuliwa kwamba msingi wa sita upandishwe uwe saba, na upungufu uwaguse wote kwa kadiri ya mafungu yao. Mume anapata 1,800,000 na dada 2,400,000. Ibn Abbas hakuafiki, aliona upungufu uwaangukie baadhi ya warithi tu, na rai yake imehifadhiwa vitabuni kwa heshima. Lakini jamhuri ya wanazuoni wamekwenda na aul. Kilichonigusa mimi ni namna: ilikatwa hadharani, kwa sababu iliyotajwa, kutoka kwa wote. Haikukatwa kwa mmoja, usiku, na mtu mwenye penseli.

Sisemi mchezo wetu ni mirathi. Fungu la mrithi limewekwa na Mola wake, na nguvu za Mwenye Mawili niliziweka mimi kwa uoga. Naazima umbo la hesabu tu, kama mtu anavyoazima ngazi ya jirani kwenda kuziba paa lake.

Nikawaita wote, Tabibu pia, bila mchezo, chai na mandazi tu. Kwanza niliomba radhi mara mbili, kwa kila mmoja na kosa lake. Kisha nikaweka mezani pendekezo. Nguvu za Mwenye Mawili zirudishwe zote kama nilivyoahidi. Lakini kila pambano atangaze mkoba mmoja kuwa ndio wake wa kwanza, na mkoba wa pili uufungue kwa baki: pale tu ambapo mwenye fani hiyo ameshapata zamu yake, au ameanguka, au hayupo. Na kwa kuwa hili linampunguzia, wote tupungukiwe. Wapiganaji, ambao walikuwa wamejifundisha kufunga majeraha yao wenyewe na kumkosesha Tabibu kazi kabla hata ya Mwenye Mawili, waache. Mimi niache kuwabadilishia kanuni nje ya kikao.

Wapiganaji walipiga kelele, maana walidhani kesi si yao. Mwenye Mawili alinyamaza muda mrefu. Alisema bado anaona ni ahadi iliyovunjwa, isipokuwa sasa imevunjwa kwa adabu. Nilimwambia sina la kupinga: makubaliano mapya yanayofanywa kwa ridhaa ya wote ni halali, lakini ridhaa inayotolewa mbele ya macho ya wenzako wanne ina uzito wake, na sidhani alikuwa huru kama mtu aliyekaa peke yake. Mpaka leo sijaridhika na sehemu hiyo. Alikubali kwa sharti moja: niandike kwenye daftari la mchezo kwamba niliahidi na sikutimiza. Nimeandika. Ipo ukurasa wa kwanza, kwa mkono wangu, na tarehe.

Jumamosi ya tatu Tabibu alikaa mahali pake pa zamani, karibu na dirisha. Haikupita nusu saa mpiganaji mmoja akaanguka, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze meza nzima ilimgeukia Tabibu. Akasema, "Subirini, nachemsha majani." Akatia mkono kwenye soksi akatoa 2. Dawa ikashindwa. Tulikaa kimya. Mwenye Mawili alikuwa ameshika penseli, zamu yake imefika, na kwa kanuni yetu mkoba wake wa pili sasa ulikuwa wazi. Hakuufungua mara moja. Alimtazama Tabibu kwanza.

"Endelea," Tabibu akasema. "Shika hapa, mimi nafunga hapa."